Lori Lililolala Barabarani Ruiru

Jumapili ya mwisho ya mwezi wa tano, mwaka jana, tulimpoteza Wairimu. Jumatatu, tulipofungua chumba cha kompyuta, tukagundua kwamba tumepoteza pia lori.

Lori hilo halikuwa na magurudumu. Lilikuwa sentensi moja ndani ya faili la sauti, na sentensi yenyewe ilikuwa hii: "Lori lililolala barabarani Ruiru limeondolewa na serikali ya kaunti." Isomeni kwa sauti. Kama mmezaliwa huku kwetu Thika na Ruiru, isomeni mara mbili, halafu mtaelewa kwa nini watu wazima walilitafuta faili hilo kama waliopotelewa na mtoto sokoni.

Nitafika huko. Kwanza niseme mimi ni nani, kwa sababu ninyi vijana mnaoanza kazi hii sasa mnanijua tu kama yule mama wa buibui anayepita kuuliza kama mmefagia chini ya meza. Naitwa Halima, Mama Zuhura. Nilizaliwa Majengo, Thika, nikasoma hadi darasa la saba, nikaajiriwa katika kiwanda cha nguo pale Eneo la Viwanda. Kiwanda kilipopunguza watu, mimi nilikuwa miongoni mwa waliopunguzwa. Nikaja Ruiru kufagia chumba cha kompyuta cha chama cha wasioona, na humo ndimo nilimostaafia. Katikati hapo nilijifunza kazi ambayo sikujua kama ni kazi: kuwasaidia watu wasioona kupakua nyimbo, mahubiri, mafunzo na vitabu vya kusikiliza, na kuvipata tena kesho yake.

Shikeni hilo la mwisho. Kupakua, au kudaunlodi kama tulivyosema sote, ni kazi ndogo. Kupata tena ndiyo kazi.

Aliyenifundisha ni Wairimu. Yeye ndiye alikuwa mkubwa wa chumba. Hakuwa ameona kitu tangu utotoni, na vidole vyake vilikuwa na haraka kwenye kibodi, lakini ulimi wake ulivishinda. Siku yangu ya kwanza nilichukua kitambaa nikaanza kupangusa kibodi ya kompyuta iliyokuwa imewashwa. Mara kompyuta ikaanza kunisemesha. "J. K. L. Nane. Nane. Nane." Nikaruka nyuma, nikasoma dua. Wairimu akageuza kichwa.

"Ni nani huyo anaandika barua na matako?"

"Ni mimi, mfagiaji. Kitu kinaongea humu ndani!"

"Ni Mzungu wetu. Anakaa ndani ya mashine, anatusomea kila kitu. Umemfuta macho, lazima aongee." Akacheka mpaka akashika meza. "Unaitwa nani?"

"Halima."

"Karibu, Harima."

Nikamwambia ni Halima. Akasema ndivyo alivyosema.

Mzungu huyo, kwa wale ambao hamjamzoea, ni ile sauti ya programu inayosoma kilicho kwenye kioo. Ana tabia moja: kila kitu anakisoma kwa Kizungu. Mkiandika "pole," yeye anasema "poul." "Chama cha wanawake" kwake ni "chama cha wanaweik." Siku za kwanza utacheka. Baadaye utaacha kucheka. Baadaye zaidi utajikuta umekaa na dada yako nyumbani na kumwambia "poul sana," naye atakuuliza kama una homa.

Somo langu la kwanza lilikuwa neno "hapo." Mzee mmoja alikuwa anatafuta wimbo, nami nikamsimamia nyuma nikisema, bonyeza hapo, hapana, hapo, hapo juu kwa kijani. Wairimu akasikiliza kwa muda.

"Harima. Hapo ni wapi? Ni Makongeni ama ni Mwea?"

"Hapo kwa kijani."

"Na kijani ni nini?"

Nawaambieni ukweli, hata leo siwezi kueleza. Akaniomba leso yangu ya begani, akaitupa juu ya kioo kikafunikwa. "Sasa tuko sawa," akasema. "Endelea." Nikafanya kazi hivyo wiki nzima, kioo kimevaa leso kama bibi harusi, nikihesabu mibonyezo ya kitufe cha Tab kwa masikio. Ndivyo nilivyojua kwamba macho yangu yalikuwa yananidanganya mambo mengi. Nanyi fanyeni hivyo kabla hamjamfundisha mtu yeyote. Leso yoyote itafaa.

Sasa, mitego. Ukurasa wa kupakua wimbo huwa na vitufe vingi vilivyoandikwa "Download," na karibu vyote ni vya uongo. Mtu anayeona anadanganywa na rangi, asiyeona anadanganywa na Mzungu, ambaye huvisoma vyote kwa sauti ile ile ya uaminifu. Dawa yake ni kusikiliza kinachosomwa kabla na baada ya kitufe. Kikizungukwa na maneno ya kupunguza tumbo, kimbieni.

Kulikuwa na Mzee Kago wa hapa Ruiru, aliyetaka mahubiri. Alibonyeza mwenyewe, hakutaka msaada, na akapata video ya trekta likilima. Hakuna neno lililosemwa ndani yake, ni trekta tu, tr-tr-tr-tr. Mzee Kago akavaa vipokea sauti, akakunja mikono, akainamisha kichwa. Nilipita mara ya kwanza nikamwona ametulia. Nilipita mara ya pili, bado ametulia. Alipomaliza akavua vile vitu masikioni, akasema kwa heshima, "Huyo mhubiri ana kifua kibaya sana. Lakini ana uvumilivu."

Tulipomwambia ukweli alikasirika kwa muda, kisha akatuomba tusilifute. Alisema lilimpa amani. Likabaki humo.

Jambo lingine ni majina. Mzungu husoma jina kuanzia mwanzo, na mtu husikiliza mwanzo tu kisha anaruka. Mama mmoja mfugaji wa Murera alipakua mafunzo ya kuku, sehemu nyingi, na kila moja iliitwa "Mafunzo ya kufuga kuku wa kienyeji kwa faida sehemu ya," ndipo nambari inafuata. Akawa anashuka nazo: mafunzo ya kufuga kuku wa kienyeji kwa faida, mafunzo ya kufuga kuku wa kienyeji kwa faida. Akageuka akaniambia, "Mama Zuhura, hawa kuku wamenishinda kabla sijawanunua." Wekeni nambari mbele. Moja kuku, mbili kuku. Jambo dogo, lakini siku hiyo mama alinunulia chumba kizima soda.

Na hapo ndipo tunakaribia lori.

Mimi ni mtu wa Majengo. Kiswahili ndicho nilichonyonya. Wairimu alikuwa Mkikuyu wa Gatuanyaga, na kwa watu wengi wa huko herufi ya l na herufi ya r ni watoto mapacha, ukimwita mmoja anakuja mwingine. Wairimu aliandika alivyosema. Nyimbo za kuwalaza watoto alizihifadhi kama "Nyimbo za kurara." Mahubiri ya Jumapili yalikuwa "Mahubili ya Jumapiri." Mimi nilipoanza kujiamini nikaona ni vizuri nisaidie. Mchana, akienda kula, nikawa narekebisha majina. Asubuhi yake anatafuta "kurara," Mzungu anasema hakuna kitu. Anayaandika upya. Mchana narekebisha. Tuliendelea hivyo muda mrefu, kila mmoja akiamini kompyuta ina virusi. Hata fundi tulimwita. Fundi alifungua mashine, akapuliza vumbi, akasema ni umeme.

Tulipogundua, Wairimu hakukasirika. Aliniuliza tu, "Mtu akipoteza mbuzi wake, anamwita na jina gani?"

"Lile anamwita kila siku."

"Haya. Sasa wacha mbuzi zangu."

Ikawa sheria ya chumba: faili linaandikwa jinsi mwenyewe anavyolitamka. Nimewaona ninyi vijana mkirekebisha tahajia za watu, na nia yenu ni njema. Acheni. Kompyuta haikisii. Ukiandika r mahali pa l, kwake ni kama umeomba ng'ombe mahali pa kijiko.

Sasa Njuguna. Njuguna ni kijana wa Murera, ingawa kijana wa kusema tu, ana ndevu tayari. Haoni tangu ugonjwa wa utotoni. Kazi aliyokuwa nayo ilikuwa kukaa katika duka la kaka yake akisikiliza kama kuna mtu anaiba. "Mimi ni mbwa wa duka," alikuwa akisema, "tofauti ni kwamba mbwa anapewa mifupa." Alichotaka tangu zamani ni redio. Ana sauti, nawaambieni, sauti nzito ya kukufanya umwamini hata akisema mvua itanyesha kwenda juu.

Kuna redio moja ndogo mjini Thika iliyokuwa inatafuta msomaji wa habari kwa Kiswahili. Walimjaribu mara mbili, mara mbili wakamrudisha, kwa sababu ya l na r tu. Mara ya tatu wakamwambia alete faili lenye sauti yake akisoma habari bila kuchanganya, alilete kabla ya Alhamisi ile. Likiwa na makosa tena, asirudi. Na kaka yake naye alikuwa ameshamwambia kwamba redio ikikataa, atamtengenezea kiti cha kudumu pale mlangoni mwa duka, chenye mto.

"Kiti chenye mto, Mama Zuhura," Njuguna aliniambia. "Unaelewa? Mtu akikupa mto, hatarajii uinuke."

Basi tukaanza mazoezi. Mimi ndiye nilitunga sentensi ya lori, nikaweka humo kila kitu kibaya. Njuguna alisoma, "Rori rirororara." Tukarudia. Alipojua kwamba anasema r sana, akahamia l mzima mzima: "Loli lililolala balabalani Luilu limeondolewa na selikali." Nikamwambia Ruiru ni nyumbani, hiyo aiache. Siku moja alichoka akasoma kwamba serikali ililala Ruiru ikaondolewa na lori. Wairimu akasema hiyo nayo ni habari, iwekwe.

Kila jaribio Wairimu alilirekodi na kulihifadhi kwa jina la Njuguna na nambari. Ijumaa kabla ya Jumapili ile ya msiba, mimi nikiwa msikitini, Njuguna akasoma habari zote tangu juu hadi chini, lori likiwemo, na hakukosea hata mahali pamoja. Niliporudi nilimkuta nje ya mlango akimpigia mama yake simu kwa kelele, na ndani Wairimu amekaa kwenye kiti chake ametabasamu kama aliyeshiba.

"Amesoma, Harima. Nimehifadhi."

Nilikuwa na swali moja. "Wairimu, kusoma vizuri mara moja tu, halafu kupeleka hiyo moja, si ni kama kudanganya?"

"Ni sauti ya nani?"

"Yake."

"Nimeikata mahali? Nimeishona?"

"Hapana."

"Basi uongo uko wapi?"

Sikuuona. Lakini ulinisumbua kidogo, na sikumficha. Akasema nikipata uongo nimwambie Jumatatu. Alikuwa na kifua cha siku nyingi, na siku hiyo alikohoa sana, akaenda kwao Gatuanyaga mapema kupumzika. Jumatatu haikumkuta.

Sitaandika mengi hapo. Nilifika chumbani, nikapangusa kibodi yake, Mzungu akasoma herufi zake, nikakaa.

Njuguna alikuja mchana. Tulisalimiana kwa mikono, kisha akasema anaona aibu kuuliza. Nikamwambia aulize. Akauliza lile faili liko wapi.

Nikatafuta "Njuguna." Yalikuja majaribio yote yenye nambari, yote mabovu. Zuri halikuwemo. Mtasema, si mngepanga kwa tarehe? Kompyuta ile ya kurekodia ilikuwa kuukuu na betri ya saa yake ilikuwa imekufa. Kila ilipowashwa ilidhani ni mwezi wa kwanza wa mwaka ambao ilinunuliwa. Kwake yeye, kila kitu tulichorekodi maishani tulikirekodi asubuhi moja. Badilisheni hiyo betri. Ni ndogo kama kifungo cha koti.

Tukatafuta kwa maneno, na kwa kuwa sheria ya chumba tunaijua, tuliandika yote kwa mdomo wa Wairimu.

"Andika taalifa," akasema Njuguna.

Mzungu akasema hakuna kitu.

"Andika habali."

Hakuna kitu.

"Ledio."

Hakuna.

"Rori?"

Likaja moja! Tukashikana mikono. Nikafungua, kumbe ni "Rori ya harusi," nyimbo za msafara wa magari ambazo mtu fulani alipakua akaziacha.

Ikabidi tusikilize moja moja, kabrasha kwa kabrasha. Tulipita kwenye kwaya, kwenye kuku, kwenye somo la Kifaransa ambalo hakuna aliyekiri kulipakua. Tulifungua faili lisilo na jina, likaanza tr-tr-tr-tr. Njuguna akainamisha kichwa. "Hili ni lile la Mzee Kago?" Nikasema ndilo. "Wacha kidogo," akasema. Tukaliacha kidogo.

Jumanne tulijaribu kurekodi upya. Ndipo niliona jinsi kitu kinavyoweza kuwa cha mara moja tu. Njuguna alikuwa na huzuni, na huzuni huwa inakimbilia ulimi. Alianza vizuri, akafika kwa lori, lori likalala, likakataa kuamka. "Rori lililorara." "Lori lirilolala." Mwishowe akavua vipokea sauti akaviweka mezani polepole.

"Mto ni wa rangi gani?" akaniuliza.

"Mto gani?"

"Wa kiti. Kaka yangu ameshaununua. Ni wa rangi gani, umeuona?"

Nilikuwa nimeuona nilipopita dukani. Ulikuwa mwekundu wenye maua. Sikutaka kusema, lakini aliuliza, nikasema. Akatikisa kichwa. "Hata maua," akasema.

Jumatano asubuhi nilimuuliza jambo ambalo tulipaswa kuanza nalo. "Njuguna, ulipomaliza kusoma ile siku, Wairimu alisema nini?"

"Arisema, 'Haiya! Rire renyewe!' Akapiga meza."

Nikaandika "rire renyewe." Mzungu akasema hakuna kitu. Nikaandika "rire lenyewe," nikaandika "lire renyewe," nikachanganya kila njia ambayo Wairimu angeweza kuchanganya. Hakuna, hakuna, hakuna. Mtaniuliza kwa nini sikutafuta "nyewe" peke yake, kipande kisicho na l wala r. Ni swali zuri. Hakuna aliyelifikiria, na mwaka mzima sasa nalifikiria mimi.

Nilikuwa nainuka kwenda kuweka chai. Mkono ukaandika tu wenyewe, bila mpango, kama tunavyoandika sisi wa Majengo.

"Lail lenyui," akasema Mzungu.

"Huyo ni nani?" akauliza Njuguna.

"Ni lile lenyewe."

"Rire renyewe?"

"Lile. Kwa l. Zote kwa l."

Kwa kinywa Wairimu alisema rire. Kwa vidole aliandika lile, herufi zote mahali pake, na hakuwa ameniuliza. Miaka yote ile hakuwa ameandika neno langu hata moja kama ninavyolitamka mimi, na alipoandika, aliandika kwenye faili ambalo tulilitafuta kwa lugha yake.

Tukafungua. Habari zilisomwa zote. Lori lililolala barabarani Ruiru liliondolewa na serikali ya kaunti kama maji yanavyomiminwa. Na mwisho kabisa, kwa mbali kidogo, meza ikapigwa na sauti ikasema, "Haiya! Rire renyewe!"

Tulisikiliza mara nyingine. Kisha Njuguna akasema redio hawataki ile ya mwisho, ikatwe. Nilitengeneza nakala, nikakata nakala. Somo hilo mlijue pia: msikate kitu ambacho hakina nakala.

Tulienda Thika mchana huo huo, tukapanda ngazi. Meneja wa redio ni mtu mnene mpole aliyekuwa na mafua. Alisikiliza faili lote akiwa ameshika leso puani.

"Huyu ni wewe?" akamuuliza Njuguna.

"Ni mimi."

"Umesoma hivi mara ngapi?"

Nikamsikia Njuguna akivuta pumzi. "Mara moja," akasema.

"Moja katika ngapi?"

Akageuka upande wangu. Nikasema, "Katika nyingi, bwana meneja. Hizo zingine tunazo, ukitaka kucheka."

Meneja alicheka hadi mafua yakamsonga. Akasema msomaji wake wa matangazo ya vifo yuko likizo ya uzazi, na kesho baada ya habari za saa saba Njuguna ataketi pale asome, moja kwa moja hewani, ndipo ataamua. "Faili nimesikia," akasema. "Sasa nataka mtu."

Alhamisi hiyo mimi nilikuwa Gatuanyaga, kwenye tenti ya matanga, tukichagua mchele wa Jumamosi, siku ya kumzika. Niliketi karibu na shangazi yake Wairimu, mwanamke mzee ambaye sote tunamwita Tata. Tuliweka redio juu ya gunia. Nilijua kwamba tangazo la Wairimu lilikuwa miongoni mwa yale, kwa sababu familia ndiyo ilipeleka. Njuguna naye alijua. Alikuwa ameweka kipokea sauti sikio moja, Mzungu akimsomea mbele, naye akisema nyuma yake kwa Kiswahili cha binadamu. Ni kama kutembea nyuma ya mtu anayekimbia na kuchechemea.

Tangazo la kwanza, safi. La pili, safi, na lilikuwa na Ruiru ndani. La tatu lilianza kwa jina la Wairimu, na tenti yote ikaacha kuongea. Binti wa fulani, mpwa wa Tata. Mwalimu wa kompyuta Ruiru. Safi. Kisha, "aliyetutoka na kulala usingizi," na hapo redio ikanyamaza. Ikanyamaza muda wa kutosha mtu kujiuliza kama betri imeisha.

"Na kurara usingizi," akasema Njuguna, "siku ya Jumapili."

Akaendelea. Mazishi yatafanyika Jumamosi nyumbani kwao Gatuanyaga, wote mnakaribishwa. Hakukosea tena hadi mwisho. Nilitazama watu ndani ya tenti. Hakuna aliyeshtuka. Tata alifuta macho kwa upindo wa kitambaa.

"Huyo kijana ni wa pwani," akasema.

"Ni wa Murera, Tata."

"Wapi! Hicho ni Kiswahili cha Mombasa. Sisi huku hatuwezi."

Simu yangu ikalia. Alikuwa Njuguna, anapumua kama aliyepanda ngazi mbio.

"Mama Zuhura, wamenichukua! Naanza Jumatatu, matangazo na habari za asubuhi."

Nikamwambia Mungu ni mkubwa. Kisha nikamuuliza, kwa sababu nilikuwa nimeanza kulipenda wazo hilo, "Pale kwa Wairimu, ulisema 'kurara' makusudi? Kwa ajili yake?"

Akafikiri. "Ningependa kusema ndiyo," akasema. "Lakini niriteleza tu. Niliposikia jina lake, Mzungu akaniacha nyuma."

"Na meneja?"

"Meneja hakusikia. Ni mke wake amempigia kumwambia. Meneja amesema mara moja inakubarika."

Tata alikuwa amenyoosha mkono. Nikampa simu.

"Wewe mtu wa pwani," akamwambia kwa sauti ya juu, kama watu wanavyosema na mtu aliye mbali, "asante kwa kumtangaza vizuri. Jumamosi utakuja?"

Sikusikia jibu.

"Basi kuja mapema. Kutakuwa na mchere."

Akanirudishia simu, na mimi nikaendelea kutoa mawe kwenye mchele.